Farrokh Aliyerudi

Mwezi wa Dei, tarehe 2, Jumamosi

Tumefungua mlima jana kwa wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Theluji ya kituo cha juu inafika mapajani, kavu kama unga, na asubuhi foleni ya lifti ilikuwa imelizunguka jengo la tiketi. Watu wa Tehran wamekuja na miwani mipya na magoti yao mabovu yale yale. Nimefunga bandeji viwiko, vifundo vya miguu, na kidole cha bwana mmoja aliyekibana mwenyewe kwenye mlango wa gari kabla hata hajaikanyaga theluji.

Mwaka huu nimepangiwa kituo cha juu, pale lifti ya viti inapoishia. Ni kibanda cha mbao chenye jiko la mafuta, benchi na kitanda cha wagonjwa, na ukutani, kwenye mfuko mwekundu, kuna mashine ya kushtua moyo uliosimama, ile inayotoa maelekezo kwa sauti ya mwanamke. Safari hii kila kituo kimepewa yake. Mwaka jana mlima wetu wote wa Shirkamar ulikuwa na moja.

Eskandar, mkuu wa kikosi chetu cha uokoaji, aliitundika kwa mkono wake, kisha akarudi nyuma kuitazama kama mtu aliyetundika picha ya harusi.

“Dada Manizheh, mke mwenzio huyo. Ana sauti nzuri, hachoki, na hakuulizi umechelewa wapi.”

“Mpelekee mkeo Golandam nyumbani basi, amsaidie.”

“Golandam akisikia sauti ya mwanamke kwenye mfuko wangu, zitahitajika mashine mbili.”

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kuwa zamani utani kama huu tuliucheka watu watatu.

Dei 3

“Mlima umefunguliwa?” Farrokh, mume wangu, aliniuliza nilipoingia nyumbani.

“Umefunguliwa.”

“Theluji nzuri?”

“Nzuri sana.”

“Alhamdulillahi.”

Nikavua mabuti, nikamletea chai. Akashika glasi kwa mikono miwili. “Asante, umepata taabu. Mlima umefunguliwa?”

Dei 8, Ijumaa

Leo mteja mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza kwa nini mashine ya moyo naishusha ukutani na kuiweka karibu na jiko kama chungu cha supu. Nikamweleza kuwa betri ikipigwa na baridi hulegea, na vile vibandiko vya kifuani vikiganda havishiki ngozi. Akaitikia kwa kichwa. “Umefundishwa vizuri,” akasema.

Sikumwambia nimefundishwa na nini. Naandika hapa.

Mwezi wa Bahman mwaka jana, mume wangu Farrokh, mwalimu aliyefundisha nusu ya Shirkamar kuteleza, alimaliza somo kituo cha kati, akainama kufungua skii zake, mbao zile za kuteleza, asiinuke. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nilianza kukandamiza kifua chake mara moja, nikiwa na glavu mikononi. Eskandar akashuka mlima kama jiwe kwenda kuleta mashine. Ilikuwa ofisini kwa Injinia Vosughi, meneja wetu, mlango umefungwa, na mwenye ufunguo yuko Tehran mkutanoni. Eskandar akauvunja mlango kwa shoka la zimamoto. Kisha lifti ilibidi imrudishe juu, na lifti haina mbio.

Mashine ilimpiga mshtuko, moyo ukarudi. Kijiji kizima kilichinja kondoo. Alilala hospitali mpaka theluji ikayeyuka, na walipomleta nyumbani, aliyeshuka garini alikuwa na uso wa Farrokh, mikono ya Farrokh, na kovu la Farrokh kidevuni. Akanisalimu kwa heshima kama mtu aliyeletwa kwa watu asiowajua vizuri.

Daktari alisema ubongo ulikaa bila hewa muda mrefu. Alisema pia nishukuru. Kila mtu anasema nishukuru.

Dei 9

Upepo. Lifti haikufanya kazi. Nimefua.

Dei 17

Leo nimeunguza wali makusudi.

Farrokh wa zamani angeinua sufuria nzima, aende nayo mpaka dirishani, awaite majirani: “Njooni muone! Manizheh ametengeneza lami, tupeleke barabarani!” Ningemrushia kitambaa. Tungegombana mpaka chai.

Huyu alikula. Alikula sahani nzima, akafuta mdomo, akasema, “Asante, mkono wako usiumie. Chakula kitamu.”

Mama mkwe wangu, Bibi Tuba, aliniangalia bila kupepesa macho kutoka ng'ambo ya sofra, kitambaa cha chakula tulichotandika sakafuni. Yeye amehamia kwetu tangu Farrokh arudi. Tulipokuwa tunaosha vyombo akasema, “Wali hauungui wenyewe, mkwe wangu.”

“Niliusahau.”

“Mungu amekurudishia mume. Wenzio wanapeleka maua makaburini. Unataka nini tena?”

Niliendelea kusugua sufuria. Huyu mama ana kifua kikavu kama jabali. Sijaona akitoa chozi hata moja tangu siku ile.

Dei 24

Theluji mchana kutwa. “Mlima umefunguliwa?” Mara sita kabla ya chakula cha jioni. Mara ya saba Bibi Tuba alimjibu yeye, kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza.

Bahman 2

Nimemsimulia jinsi alivyonichumbia. Nilidhani pengine kisa kikipita sikioni kitagusa kitu.

Nikamwambia: tulikuwa kwenye kiti kimoja cha lifti, umeme ukakatika, tukaning'inia juu ya bonde kwenye upepo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi niliyekuja kujaribu kuteleza, wewe ulikuwa mwalimu wangu. Ukasema, “Bibie, hapa hutoki mpaka unijibu.” Nikasema, “Nijibu nini, hujauliza swali.” Ukasema, “Swali unalijua.” Nikakuambia umeme ukirudi kabla hujauliza kama binadamu, utakuwa umekosa. Ukauliza haraka haraka mpaka ukajing'ata ulimi.

Farrokh alisikiliza kwa makini, kichwa kainamisha. Nilipomaliza akatabasamu.

“Kisa kizuri,” akasema. “Msichana alikubali?”

“Alikubali.”

“Alhamdulillahi.”

Nikaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Bahman 6, Ijumaa

Watu wengi. Mguu umevunjika chini ya mwamba, Eskandar kamshusha mgonjwa kwa machela akimwimbia njia nzima. Mgonjwa alilalamikia sauti kuliko mguu.

Bahman 11

Upepo ulitufungia mapema, nikateremka nyumbani mchana. Kwenye ngazi, kabla sijavua mabuti, nikamsikia.

“Mama! Nimetoka mlimani, nina njaa ya kumla ng'ombe na kengele yake. Weka sufuria motoni. Na mwambie yule muuguzi wako kuwa leo kuna mteja kanikonyeza, aje haraka alinde mali yake!”

Ndiye. Ndiye mwenyewe, sauti ile yenye kicheko chini yake. Nikaingia na mabuti yangu na theluji yangu mpaka jikoni.

Bibi Tuba alikuwa peke yake, ameketi sakafuni, mgongo kwenye friji, simu sikioni. Farrokh alikuwa ametoka na jirani kwenda kuchukua mkate. Mama aliponiona akaificha simu chini ya shela kama msichana aliyefumwa.

“Ujumbe wake wa sauti wa zamani tu,” akasema. “Nilikuwa naangalia kama simu inafanya kazi.”

Nilisimama pale, maji yakinitiririka kwenye zulia lake. Yule mama ambaye huwa ananifokea kwa tone moja hakuyaona.

“Unazo nyingi?” nikauliza.

Akasogea kidogo, akanipa nafasi penye friji.

“Kaa. Huu wa pili ni wa siku aliyofungiwa na theluji kwa Eskandar. Amelewa usingizi, anaimba. Anaimba vibaya, mwanangu huyu. Tangu utotoni.”

Tulizisikiliza zote. Mlango wa nje ulipolia, akazima, akajipangusa uso kwa ncha ya shela, akapaza sauti yake ya kawaida: “Umepata mkate wa moto au wamekupa wa jana?”

Bahman 19

Mwaka mmoja leo. Nyumbani hakuna aliyeitaja siku.

Bahman 22, Jumapili

Sikukuu, mlima umefurika. Injinia Vosughi amepanda mwenyewe hadi kituo cha juu. Nimekuwa nikimkwepa tangu msimu uanze. Akisimama foleni hii, mimi nahamia ile. Kibandani hapana foleni mbili.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akainama kuangalia kitaa cha kijani, akaugusa mfuko kwa kiganja kuona kama una joto.

“Rahmat ananiambia unailaza na blanketi,” akasema. Rahmat ndiye anayeendesha injini ya lifti.

“Jiko likizimwa, kibanda kinaganda.”

Akabaki amenipa mgongo. “Dada Manizheh, hakuna kufuli tena. Mahali popote. Nimezitoa zote, hata ya ofisi yangu. Mlango wangu haufungwi.”

Nilikuwa na maneno niliyoyatunza mwaka mzima kwa ajili ya mtu huyu. Nilikuwa nikiyanoa njiani, nikipanda lifti. Sasa amesimama mbele yangu, mabega yameshuka, koti limemzidi ukubwa, na sikuona pa kuyachomeka.

Nikammiminia chai. Aliinywa akiwa wima, akashukuru, akashuka.

Bahman 30

Farrokh leo kaniuliza jina la mlima. Nikamwambia. Akasema ni jina zuri, amelitoa nani.

Esfand 3, Alhamisi

Kiganja kinauma, lakini nikilala bila kuandika nitaota.

Upepo ulichacha saa tano asubuhi. Eskandar akaagiza wateja wote washushwe na lifti isimamishwe. Kituo cha juu tukabaki mimi, yeye na Rahmat, tukisubiri trekta la theluji lije kutuchukua. Mlango ulikuwa unazibwa na theluji, Eskandar akachukua koleo akatoka kuchimba. Niliuacha wazi kidogo kwa sababu alikuwa ananisimulia habari za baba mkwe wake aliyenunua kondoo kwa simu.

“Basi mzee anafungua gari, sikia dada, anafungua gari kwa mbwembwe, majirani wamekusanyika, kondoo hayumo! Amekaa…”

Kimya.

Nikadhani anavuta pumzi ili anichekeshe vizuri. “Amekaa nani?” nikauliza.

Upepo tu.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye theluji aliyokuwa anaichimba, koleo bado mkononi. Rahmat alinitangulia, akamgeuza.

“Ameteleza, dada, ameteleza tu! Sikia, anapumua! Anakoroma!”

“Hiyo si pumzi.”

Sauti ile naijua. Inatoka mbali, inakatika, inatoka tena, kama mtu anayenyonya tone la mwisho kwa mrija. Niliisikia mwaka jana ikitoka kwa mume wangu, na kuna watu walisimama pembeni wakisema mwacheni apumzike, anapumua.

“Shika miguu. Tumwingize ndani.”

Penye theluji laini ukimkandamiza mtu anazama tu, nguvu zako zote zinamezwa. Tulimburuta mpaka kwenye sakafu ya mbao, nikapiga magoti, nikaanza. Chini ya mikono yangu kitu kikavunjika kwenye ubavu wake. Sikuacha.

“Rahmat, mashine!”

“Mimi sijawahi…”

“Fungua mfuko, bonyeza penye kijani, yenyewe itakwambia!”

Ikaongea. Sauti ya yule mama wa ndani, tulivu kama anasoma taarifa ya hali ya hewa. Rahmat akakata sweta kwa mkasi, akakausha kifua kwa taulo kwa sababu kilikuwa kimelowa theluji na jasho, akabandika vibandiko. Vilikuwa na joto. Vikashika mara moja.

“Usimguse mgonjwa,” mashine ikasema. “Inachunguza moyo.”

Nikainua mikono. Hapo katikati, mikono yangu haina kazi, ndipo wazo likanijia, na naliandika kama lilivyokuja: ninamrudishia Golandam mtu gani? Nitamkabidhi nini mlangoni, na je, atanishukuru au atakuwa anakunja nguo zilizokwisha kunjwa?

“Mshtuko unahitajika. Kaeni mbali.”

Nikabonyeza. Mwili wake ukaruka, ukaanguka. Nikarudi kifuani. Mikono haikulingoja jibu la swali langu. Nilipochoka Rahmat akapokea, akilia kwa sauti, akihesabu na kulia. Kisha mimi tena. Mashine ikatuambia tukae mbali, ikachunguza, ikapiga mara ya pili. Nikarudi.

Mara kitu kikanishika mkono wa koti. Nikatazama. Ni vidole vya Eskandar. Alikuwa ananisukuma nitoke kifuani mwake, kama mtu anayeamshwa mapema mno.

Helikopta isingeweza kuruka katika hali ile. Trekta likaja, tukamfunga kwenye machela, mashine ikiwa bado kifuani, mimi nimemshika kichwa, tukateremka taratibu kwenye ukungu ambao ulificha hata taa zetu. Injinia Vosughi alikuwa chini barabarani amesimama kwenye tope, gari la wagonjwa limeshageuzwa kuelekea njia, na mbele yake katapila la kufungua barabara likinguruma. Alifungua mlango wa gari, akanyoosha mikono kupokea machela.

Lilipoondoka, Rahmat akakaa chini pale pale.

“Dada,” akasema, “kwa nini ulikuwa unamwita Mwalimu?”

“Nani?”

“Mwalimu Farrokh. Muda wote ulipokuwa unakandamiza. Ulikuwa unasema, Farrokh rudi. Farrokh rudi nyumbani.”

Sikujua. Wallahi sikujua.

Esfand 4

Mikono haiinuki. Golandam amepiga simu kutoka hospitali: yuko hai, wamemzibua mshipa wa moyo, amelala.

Esfand 6

Amefungua macho. Kauliza nani amekata sweta lake.

Esfand 7

Nimefurahi. Naandika kwamba nimefurahi kwa sababu ni kweli. Kuna kitu kingine pia, sikiandiki leo.

Esfand 16, Jumatano

Eskandar na Golandam walikuja nyumbani jioni, na sinia la vitamu vya njugu za pistachio, maua, na kitambaa cha hariri kwa Bibi Tuba. Nilimkuta Golandam mlangoni akiwa ameinama kunibusu mikono. Nikamwinua.

Eskandar aliingia polepole, kashika ubavu, amekonda. Nilimtazama macho kabla ya kumsalimu. Nilikuwa natafuta. Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta ukungu ule ulio machoni mwa Farrokh.

“Mbuzi!” akasema.

“Nini?”

“Amekaa mbuzi! Kwenye gari! Kondoo hayumo, amekaa mbuzi mwenye ndevu kama za mzee mwenyewe, wakatazamana! Dada, nilikufa na kichekesho mdomoni. Ungeniacha ningekwenda nacho.”

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Golandam akampiga begani, akakumbuka ubavu, akamwomba radhi, wakacheka zaidi. Yote yamo. Kila utani, kila jina, mbuzi na ndevu zake, hakuna hata unywele uliodondoka njiani. Mikono ni ile ile, mlima ni ule ule. Tofauti ni mlango mmoja na ufunguo mmoja.

Farrokh naye alicheka. Alichelewa kidogo. Aliangalia nyuso zetu moja moja kuona kama ndipo pa kuchekea, kisha akacheka.

Nikachukua sahani ya vitamu nikasema nakwenda kuongeza chai. Jikoni sikuweza kuiweka sahani chini, vidole vilikuwa vimekakamaa. Mlango ukafunguka nyuma yangu. Bibi Tuba akaingia, akanipokea sahani mikononi, akaufunga mlango na kuuegemea kwa mgongo wake ili mtu asiingie.

“Lia haraka,” akasema. “Wageni wanataka chai.”

Nikalia haraka. Naye alitazama ukutani, mdomo ameukaza, kidevu kinamcheza.

Esfand 17

Leo sikwenda kazini, mikono bado. Bibi Tuba alikwenda kwa dada yake. Farrokh na mimi tulikaa kwenye korsi, ile meza fupi yenye kipasha joto chini yake, miguu chini ya blanketi, tukimenya machungwa.

“Yule bwana wa jana,” akasema, “anachekesha.”

“Eskandar. Rafiki yako tangu utotoni.”

“Eskandar.” Akalionja jina. “Wewe ulilia jikoni.”

Niliacha kumenya. Nilidhani hakuna aliyeona.

“Macho yalikuwa mekundu uliporudi na chai,” akasema. “Alipokuwa anacheka, wewe ulinitazama mimi. Sikujua nifanye nini, nikacheka.”

Sijui ni machungwa, au ni uchovu, au ni kwamba kwa mwaka mzima hakuna aliyeniuliza. Nikasema, kwa sauti, kwa mara ya kwanza:

“Nina hamu na mume wangu, Farrokh. Nimekaa naye kwenye korsi moja na nina hamu naye mpaka mifupa inaniuma. Kila mtu ananiambia nishukuru, nami nashukuru, halafu narudi nyumbani namtafuta kwenye uso wako. Nina hamu na kelele zake. Nina hamu na ule ubishi wake wa kipuuzi.”

Nikajuta hapo hapo. Mtu unamwambiaje maneno kama haya mbele ya uso wake?

Farrokh hakukasirika. Alipanga maganda ya chungwa ukingoni mwa sahani, moja baada ya jingine. Kisha akasema:

“Hata mimi nina hamu naye.”

Nikamtazama.

“Watu wananisimulia habari zake,” akasema. “Mama, jirani, wewe. Njiani watu wananikumbatia kwa ajili yake. Inaonekana alikuwa mtu wa raha sana. Ningependa kukaa naye hata siku moja, nimwone anavyofanya. Mimi nikijaribu, nachelewa.”

“Usijaribu,” nikamwambia. “Usijaribu tena kucheka kwa ajili yangu.”

“Na huyu,” akasema, akajigusa kifua kwa ncha ya kidole, pale vibandiko vilipowekwa, “unamchukia?”

“Simjui.”

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la haki.

“Hata mimi,” akasema.

Tukala machungwa.

Esfand 18

Mvua imechanganyika na theluji. Nimemuuliza Farrokh kama chai anaipenda kali au nyepesi. Kwa miaka ishirini nilikuwa naitengeneza kali, chungu, bila sukari, na mwaka huu mzima nimeendelea hivyo hivyo. Kumbe huyu hapendi chungu. Amekuwa anainywa kwa adabu.

Esfand 20

Huyu anapenda: chai nyepesi, sukari ya kutosha. Redio, lakini si muziki, bali watu wanaozungumza. Kukaa karibu na dirisha. Hapendi kuitwa Mwalimu. Nimemuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona watu wanafurahi wakimwita hivyo.

Yeye pia ananiuliza. Kama niliogopa mara ya kwanza kupanda lifti. Kama kazi ya uuguzi niliichagua mwenyewe. Farrokh wa zamani hakuwahi kuniuliza lile la mwisho, alikuwa anaongea yeye.

Esfand 25, Ijumaa

Theluji imekuwa laini na nzito, jua linaunguza pua. Bibi Tuba ameanza kuotesha ngano kwenye sahani kwa ajili ya mwaka mpya, na ananigombeza nikiitia kivuli. Nilimwomba simu. Akanipa bila kuniuliza. Nilikaa penye friji nikasikiliza ujumbe mmoja, ule wa ng'ombe na kengele, nikamrudishia.

“Mmoja tu?” akauliza.

“Leo mmoja unatosha.”

Esfand 28, Jumatatu

Tumefunga msimu. Lifti imezimwa mchana, viti vikabaki vinayumba bila watu juu ya bonde, na chini yake mawe yameanza kutokeza meusi. Rahmat na mimi tulifunga kibanda, tukashusha mashine tatu za vituo vyote ziende kukaguliwa, nikasaini, basi.

Injinia Vosughi alituandalia supu nzito ya tambi na maharage kwenye uwanja wa chini. Eskandar alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha jua kama waziri, daktari amemkataza koleo, amemkataza skii, hajamkataza mdomo. Alinipigia kelele kabla sijafika.

“Dada Manizheh! Bakuli lako limeshajazwa! Kaa, nina jipya la mbuzi.”

“Kesho nitalisikia.”

“Kesho ni kesho, na mimi moyo wangu unavyojulikana! Unakimbilia wapi? Msimu umekwisha, mlima umefungwa, hakuna mgonjwa.”

Watu waliinua vichwa kutoka kwenye bakuli. Nilikuwa tayari nimeutupa mfuko begani, nimefunga kamba za mabuti. Kwa Farrokh wa zamani bado nina hamu, ilikuwa imenipanda mchana ule nilipoona viti vitupu, na najua itanipanda tena. Lakini tangu mchana nilikuwa na neno moja la kumwambia mtu, kuhusu mawe yale meusi na jinsi maji yalivyokuwa yanapita chini ya theluji, unayasikia bila kuyaona, na mtu niliyetaka kumwambia alikuwa ni huyu anayekaa dirishani.

“Nyumbani kuna mtu,” nikamjibu Eskandar, nikashika njia.